Glasi ya Kufungua Kinywa

Jumatatu, 3 Juni

Wateja wanne wa kunyoa asubuhi. Wa kwanza nilimkata sikio. Kidogo tu, damu ya kushibisha mbu mmoja. Alipiga kelele utadhani sikio lote limebaki mkononi mwangu. Nikamwambia ni baridi, mwezi wa sita hapa Likasi mkono wa nani hautetemeki? Akanyoosha wa kwake. Hautetemeki. Watu wa mtaa wetu wa Shituru hawana adabu.

Saa nne nikavuka barabara hadi baa ya Mama Ngoie, nikanywa moja ya kutuliza mkono. Mkono ukatulia. Watatu waliobaki wakaenda zao na masikio kamili. Kwa hiyo tatizo ni baridi.

Jioni akaja Fifi, binti wa dada yangu. Mahari yake ni Jumamosi tarehe 29. Baba yake ni marehemu, lakini hata angekuwa hai, kwetu siku hiyo mwenye maneno ni mjomba, yaani mimi. Upande wa mume wanaweka glasi mbele ya mjomba, ya kufungua kinywa. Mjomba asipoonja, kikao hakijaanza. Nimekuwa nikiingoja siku hii tangu Fifi anatambaa.

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama tu: “Yomba, kama utakunywa sawa siku ya Solange, minye nitaita Papa mudogo wa Lubumbashi, yeye njo atasema pa nafasi yako.”

Papa mdogo ni mdogo wa marehemu baba yake. Solange ni dada yake mkubwa. Siku ya mahari yake, mwaka jana, nilizungumza vizuri sana, wote wanakubali. Ni mwishoni tu. Wakwe waliniuliza kama nimeridhika, na mimi, wanavyosema, nikajibu nimeridhika mno, wachukue na Fifi. Bure. Fifi alikuwa amesimama hapo na sinia la njugu.

Mimi sikumbuki. Yeye anakumbuka.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamua. Chupa tatu kwa siku, basi. Kila nikifungua moja, kifuniko kinaingia mfuko wa kulia. Mlevi hahesabu. Mimi nahesabu.

Jioni nimemwaga mfuko juu ya meza. Vifuniko saba. Vinne lazima ni vya mtu mwingine.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kituo cha afya. Kutetemeka, kutokwa jasho, chakula hakishuki asubuhi. Malaria ya wazi kabisa. Wamenichoma kidole. Hakuna malaria.

Muuguzi ni mama mmoja mfupi, Godelieve, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akauliza nakunywa ngapi kwa siku. Tatu, nikasema kwa ushujaa. Akauliza glasi au chupa. Chupa. Ndogo au kubwa? Mama, hapa nani anakunywa ndogo! Akaniambia chupa kubwa moja, kwa hesabu yao, ni karibu vipimo vitatu. Yaani niliingia pale na tatu nikawa na karibu tisa, na sikuwa nimeonja hata tone.

Akatoa mashauri. Kula kwanza ndipo unywe. Kati ya glasi na glasi, maji. Polepole. Siku kadhaa za juma usiguse kabisa. Usinywe ukiwa unakwenda kushika wembe, wala usukani. Nikaitikia yote, nikatabasamu.

Halafu akauliza kama asubuhi nakunywa ya kutuliza mkono. Nikasema ndiyo, sababu ya baridi. Akaacha kuandika.

“Papa, ile nimekuambia ni ya muntu mukono yake haitetemeke. Kwako weye iko ingine. Ungojee, nikuletee karatasi.”

Alipogeuka kwenye kabati, nikatoka. Nilipita katikati ya akina mama waliopanga foleni ya kupima watoto uzito. Mtoto mmoja alinicheka.

Jumamosi, 8 Juni

Namfuata muuguzi neno kwa neno. Nimekula kwanza: sahani mbili za bugali na samaki. Nimekunywa maji: glasi moja, kubwa. Na kwa kuwa yule mama ana ugomvi na chupa, nimeacha chupa. Leo ni lutuku tu, ile kali ya kupikwa nyumbani. Inakuja kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Haina kifuniko. Mfuko wangu ni mtupu. Sijawahi kunywa kidogo hivi maishani.

Jumapili, 9 Juni

Dada yangu mkubwa, Yaya Albertine, alinikuta akielekea kanisani, amevaa sanduku zima la nguo za ibada. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha kunyolea, mlango wazi, kitambaa kimefungwa shingoni. Nilikuwa nimejinyoa sharubu nusu. Ya kushoto. Ya kulia ipo kama kawaida. Sijui mpango ulikuwa nini.

Yaya alicheka hadi akakaa chini. Fifi, aliyekuwa nyuma yake, hakucheka. Alitoka nje na simu, na nikamsikia: “Papa mudogo, tarehe makumi mbili na tisa uko na nafasi?”

Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo, aibu. Mjomba yupo hai na anatafutwa wa kumwakilisha.

Kuanzia kesho hata tone. Sifuri.

Jumatatu, 10 Juni

Sifuri. Saa mbili asubuhi, najisikia vizuri. Ningeweza kufanya hivi miaka yote.

Saa sita. Jasho. Nje watu wamevaa makoti, mimi shati limenata mgongoni. Nimefunga duka. Wembe na mkono huu, hapana.

Saa kumi. Mama Ngoie ametuma salamu. Sikujibu. Najivunia sana. Kichwa kinagonga.

Jumanne, 11 Juni

Sikulala. Natapika. Moyo unakimbia na mimi nimelala.

Mijusi ukutani. Mitano. Yaya anasema hakuna mjusi.

Ameleta akina mama wa maombi, saba. Wanaimba. Wanasema pepo la pombe linatoka, ndiyo maana natetemeka, niache litoke. Napenda maelezo haya. Si kosa langu tena.

Mijusi sita.

Jumamosi, 15 Juni

Kituo cha afya, kitanda cha dirishani. Mkono umeweza kalamu leo. Ninayoyaandika nimesimuliwa, na nimesimuliwa mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Jumanne ile, katikati ya wimbo, nilianguka nikakakamaa, nikatikisika mwili mzima. Macho juu, povu mdomoni. Akina mama wakapiga makofi: ametoka! Ametoka! Mmoja akatupa kitambaa chake cha kichwa hewani. Fifi peke yake hakupiga makofi. Alisimamisha baiskeli ya muuza makaa barabarani, akashusha magunia mwenyewe, akanifunga juu yake kwa kamba ya magunia. Mwenye makaa akasukuma, Fifi akashika miguu yangu, Yaya nyuma akiendelea kuimba. Nilifika kwa muuguzi nikiwa mweusi kama sufuria. Alidhani nimeletwa kutoka kwenye moto.

Nilipoamka vizuri, siku mbili baadaye, Mama Godelieve alikuwa ameweka karatasi kifuani pangu. Ile niliyoikimbia. Imeandikwa kwa Kiswahili, mistari mikubwa. Mtu anayekunywa kila siku, na asubuhi anatetemeka mpaka anywe, asiache ghafla peke yake. Inaweza kumwangusha kifafa. Inaweza kumuua. Aje kwanza, apunguziwe au apewe dawa akiwa anaangaliwa.

Mashauri yote ya Alhamisi ile niliyafuata kwa ukaidi wangu, isipokuwa hilo moja, ambalo sikulisubiri. Hatua sita kutoka kitini hadi kabatini. Ningekaa tu.

Yaya alimwambia muuguzi kwamba walikuwa wanaomba. Mama Godelieve hakugomba. Alisema: “Mama, hata minye naomba, niko mu chorale ya kanisa. Lakini tunaomba huku anakunywa dawa. Akianza tena kuona bintu habiko, ao kuanguka, ao kuongea hovyo, hamuimbi kwanza. Munamuleta.” Yaya akasema amina, na nadhani alimaanisha.

Niliogopa. Nikifikiri juu ya makofi yale, nacheka. Nikifikiri tena, naogopa.

Jumatatu, 17 Juni

Nyumbani. Vidonge vya vitamini, uji, maji. Kila Jumanne lazima niende kukaa kwenye benchi la Mama Godelieve, anitazame macho na mikono, nimweleze juma limekwendaje bila kusema uongo. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu.

Nimemuuliza lini nitaanza tena kidogo kidogo, kwa vipimo, na maji katikati, kama alivyonifundisha. Akasema hayo ni ya watu wengine. Kwangu mimi kidogo imekwisha. Nilikasirika siku nzima. Kuna watu wanakunywa mbili Jumamosi na Jumatatu wako kazini, wazima, masikio ya wateja wao wazima. Kwa nini wao?

Na glasi ya kufungua kinywa je? Mjomba asiyeonja ni mjomba aliyekataa posa. Nikionja, naijua njia ninayopita baada ya hapo, niliipita kwa Solange. Mama Godelieve alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hilo si la vidonge, nikatafute mwenyewe.

Alhamisi, 20 Juni

Nimetafuta. Njia ya kwanza: nijifanye nimeonja, midomo imefungwa. Nimejaribu kwa maji mbele ya kioo cha duka. Nafanana na mtu anayebusu mlango.

Njia ya pili: kumwaga kwa bahati mbaya. Kumwaga kinywaji cha wakwe ni mkosi. Yaya angeomba mpaka Krismasi.

Njia ya tatu ni nzuri. Chai ya rangi, iliyopoa, ndani ya chupa ya bia. Rangi ni ileile kabisa. Nilikaa nyuma ya duka nikifanya mazoezi ya kubadilisha chupa chini ya meza. Mara ya tano niliweza bila kelele. Nikainua macho, Fifi yupo mlangoni.

“Yomba, bakwe zangu, siku ya kwanza kabisa, utaanza na bongo?”

Akaenda. Bongo kwetu ni uongo. Nimekunywa ile chai, haina hata sukari.

Jumatano, 26 Juni

Siku ya kumi na saba bila tone. Papa mdogo amepiga simu kutoka Lubumbashi. Ameshonesha suti. Ya bluu. Ya kuzungumzia. Fifi hajasema nani atazungumza, lakini mtu hashoni suti ya kukaa kimya.

Naitaka bia. Nisidanganye daftari langu mwenyewe. Kila saa kumi jioni naitaka kiasi kwamba natafuta kichwa chochote cha kunyoa ili mikono iwe na kazi. Leo nimemnyoa mteja mmoja mara mbili. Alikuja na nywele fupi, ameondoka na upara. Ameridhika, au ameogopa kusema.

Mama Ngoie alivuka barabara mwenyewe. Amekuja na chupa kubwa, baridi, ya kuniombea uzima. Jasho la chupa lilikuwa linateremka. Nilimweleza. Yote, hata mijusi. Akaiweka chupa nyuma yake, chini ya kitenge, kama mtu anayeficha kitu asione mtoto.

“Papa Bona, minye nilizani ni malaria ilikulalisha,” akasema. Kisha: “Tangu miaka kumi nakuuzia ya asubuhi. Sikuuliza hata siku moya.”

Alirudi baada ya nusu saa na kibuyu cha munkoyo. Ni kinywaji anachowapikia akina mama wa kanisa, cha unga wa mahindi na mizizi yake. Kama umepikwa leo ni mtamu tu, haujachacha. Nilikunywa kibuyu kizima. Nikawaza jambo.

Ijumaa, 28 Juni

Fifi amekuja kunyolewa shingo kwa ajili ya kesho. Mkono ulikuwa imara. Alishika kioo, akageuza kichwa huku na huku, akatafuta damu. Hakuna.

“Weye njo yomba yangu. Weye utasema. Papa mudogo ataikala pembeni yako. Ukigusa chupa, anasimama.”

Nikamwambia kuhusu munkoyo. Akasema atakileta kikombe mwenyewe.

Jumamosi, 29 Juni

Wamekuja saa tisa, watu kumi na wawili, mbuzi wawili. Msemaji wao ni Papa Sylvain, mjomba wa bwana harusi, mstaafu wa reli. Mtu mrefu mwenye sauti ya stesheni. Nyumba ya Yaya ilijaa mpaka dirishani. Papa mdogo pembeni yangu, suti ya bluu, magoti yake yanagusa yangu.

Papa Sylvain akaweka glasi mbele yangu. Akamimina taratibu, povu likapanda likasimama. Ile harufu. Sikuwa nimefikiria harufu. Mate yalijaa mdomoni, mkono wa kulia ukatoka gotini wenyewe. Niliuona unakwenda. Papa mdogo akaanza kufunga kifungo cha koti.

Nikauweka mkono kichwani pangu, ndipo mahali pa karibu nilipopaona. Nikasimama hivyo, mkono kichwani, sura ya mtu aliyesahau kofia.

Nikasema: “Bakwe, minye siikatae posa. Mutoto iko wenu, nimefurahi. Minye njo niko mugonjwa. Hii kitu iliniangusha, mwezi huu huu, njo huyu mutoto alinibeba juu ya baiskeli ya makala mpaka ku kituo cha santé. Nikionja moya, sitasimama ku moya. Kwa hiyo naomba mufungue kinywa yangu na kitu ingine.”

Mbuzi mmoja nje akalia. Fifi akaja na kikombe cha munkoyo, hakunipa mimi. Alimpa Papa Sylvain, kwa mikono miwili, amepiga magoti, ili yeye ndiye aniwekee.

Papa Sylvain alikitazama kikombe. Akanitazama mimi. Nilijua kwamba nimeiharibu siku ya mtoto, safari hii bila kulewa. Kisha akaitoa glasi ya bia mbele yangu, akaweka munkoyo. Nikanywa. Yaya akapiga kigelegele ambacho kimesikika hadi kiwandani.

Nilizungumza saa moja na nusu. Ninakumbuka kila neno. Hii ni mara ya kwanza kukumbuka mahari niliyoisema.

Jambo moja. Ile glasi ya bia, Papa mdogo aliona si vizuri ipotee. Kisha akaona si vizuri ibaki peke yake. Jioni, wakwe walipouliza kama upande wetu umeridhika, aliwahi kusimama kabla yangu, suti ya bluu, akasema tumeridhika mno, wachukue na Solange. Solange alikuwa amekaa pale na mumewe na mtoto mgongoni.

Fifi alicheka mpaka akashika ukuta. Alinitazama mimi akicheka. Nilikuwa nimekingoja kicheko hicho mwaka mzima.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Mtaa mzima unakunywa. Nimekaa ndani na Yaya, tumekula mabaki ya mbuzi. Ilikuwa ngumu. Nimelala mapema.

Jumanne, 2 Julai

Nimefungua duka mapema ili niende kwenye benchi kabla ya saa nne. Baridi. Mteja wa kwanza alikuwa amekwisha simama mlangoni. Papa Sylvain. Anaishi Likasi mjini, upande wa pili, kuna vinyozi kumi kabla ya kunifikia mimi.

Alikaa. Nikamfunga kitambaa. Alisema nimnyoe ndevu tu. Nilipoweka wembe shavuni, niliona kitambaa kinacheza juu ya magoti yake. Kidogo kidogo, pale mikono ilipo. Naujua mchezo ule.

Akasema ni baridi ya mwezi huu. Nikasema ndiyo, baridi ipo.

Nilimnyoa polepole. Shavu moja, kisha la pili, kisha chini ya kidevu. Hakukatika. Nilipomfuta sabuni, aliuliza, macho kwenye kioo, yule mama wa kituo cha afya anapokea watu siku gani.

Nikamwambia Jumanne, yaani leo. Nikafunga duka, tukaenda wote kwa miguu. Benchi lilikuwa na nafasi ya watu wawili.